Wanakiona kibanja chetu kwa satelaiti, sisi hatuoni bei yao: kahawa, ramani na haki ya mkulima

#1 Mwanakibanja (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Siku hizi kahawa haitajwi bila kutajwa mambo mawili, haki na teknolojia. Nembo ya biashara ya haki (Fairtrade) iko kwenye pakiti huko Ulaya, ramani ya shamba iko kwenye kompyuta ya mnunuzi. Mimi ni mtu wa Kagera, nimelelewa na kibanja cha migomba na mibuni, na kwa misimu kadhaa nimekuwa nikizunguka na vijana wa vyama vya msingi tukisajili wakulima na kupima mashamba yao kwa simu. Nimeleta uzi huu kwa sababu naona tunaelekea pabaya na hatulisemi: teknolojia hii inamwonyesha mnunuzi kila kitu cha mkulima, na haimwonyeshi mkulima chochote cha mnunuzi. Mwagizaji aliyeko Hamburg, Ujerumani, anaweza kufungua ramani akaona kibanja cha mama yangu kilipo. Mama yangu hana pa kufungua aone kahawa ile ile iliuzwa bei gani ilipopakiwa melini.

Niieleze kwanza sheria ya Ulaya inayotufanya tupime mashamba, maana vijijini imezungukwa na uvumi. Wapo wanaoamini tunapima ili watozwe kodi, wengine wanasema mashamba yanaandaliwa mwekezaji. Hapana. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria ya bidhaa zinazohusishwa na ukataji wa misitu, wengi wanaiita EUDR. Inagusa kahawa, kakao, mawese, soya, mpira, mbao na ng'ombe. Bidhaa haiingii soko lao kama imetoka kwenye ardhi iliyokuwa msitu ukafyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na lazima iwe imezalishwa kwa kufuata sheria za nchi ilikolimwa. Mwagizaji anatakiwa aonyeshe ilikotoka. Shamba la chini ya hekta nne linatosha kwa nukta moja ya latitudo na longitudo. Likizidi hapo linachorwa mipaka yote. Ilikuwa ianze kutumika mwishoni mwa 2024, ikasogezwa mwaka, ikasogezwa tena hadi Desemba 2026, na wafanyabiashara wadogo wamepewa hadi katikati ya 2027.

Nukta hiyo inatakiwa iwe na desimali sita. Kwa hesabu ya ramani, desimali ya sita ni kama sentimita 11 ardhini. Sasa njoo kwenye kibanja halisi. Umesimama chini ya migomba, juu yake kuna mfenesi, simu inatafuta satelaiti. Lile duara la bluu kwenye skrini linatanuka, linasinyaa, linatanuka tena. Unasubiri. Nukta inaruka kutoka kwenye shina la mbuni, inaangukia jikoni kwa jirani. Simu ya kawaida inakosea mita kadhaa hata mahali peupe, sembuse pale. Unarudia mpaka itulie, mwenye shamba kasimama na jembe anakuangalia, na kazi zake zinamsubiri.

Nani analipia hayo? Sheria inambana mwagizaji, haimtaji mkulima kama mwenye jukumu la karatasi. Lakini mwagizaji anamwambia msafirishaji, msafirishaji anakiambia chama kikuu, chama kikuu kinaiambia AMCOS, yaani chama cha msingi cha wakulima, na AMCOS ndiyo inayotafuta simu, bando, mafuta ya pikipiki na posho za vijana. Hela hiyo inatoka kwenye makato ya kilo. Yaani mkulima anajilipia kupimwa, na nakala ya ramani hapewi.

Mtu ataniambia kuna bei ya biashara ya haki. Ipo, na mimi si mpinzani wake. Nembo ya kwanza ilianzia Uholanzi mwaka 1988 kwa kahawa ya wakulima wa Mexico, na mwaka uliofuata mfumo wa dunia wa kuzipangia nchi kiasi cha kahawa cha kuuza ukavunjika, bei zikaporomoka, kwa hiyo ilikuja wakati inahitajika. Tangu Agosti 2023 bei yake ya chini ni dola 1.80 kwa ratili (karibu nusu kilo) ya arabika iliyooshwa na dola 1.20 kwa robusta iliyokaushwa na maganda yake kama yetu. Juu yake kuna ziada ya senti 20 kwa ratili, inayokwenda kwenye chama ili wanachama waamue matumizi. Chama kikuu cha ushirika cha KCU huku Kagera kilitumia fedha za aina hiyo kununua hisa za TANICA, kiwanda cha kahawa ya unga pale Bukoba. Hilo ni jambo la maana kuliko madarasa na visima vyote vinavyopigwa picha, kwa sababu liliwapa wakulima sehemu ya kiwanda.

Ila tuwe wakweli kwenye hesabu. Senti 20 kwa ratili ni senti 44 kwa kilo. Kilo ya kahawa safi ikikaangwa inabaki gramu 800 na kitu, na hizo zinatoa vikombe 80 hadi 100. Ziada ya haki basi ni nusu senti ya dola kwa kikombe. Na ile bei ya chini inahesabiwa bandarini, kwenye kahawa iliyokobolewa. Haihesabiwi mlangoni kwa mkulima, ambaye anauza kahawa ya maganda, isiyokobolewa, na kilo mbili za hiyo ndizo zinazotoa karibu kilo moja safi.

Madai yangu ni mawili. Kila mkulima aliyepimwa apewe nakala ya vipimo vyake. Na kila mzigo unaosafiri na nukta za mashamba yetu urudi na bei yake ya bandarini, isomwe kwenye mkutano wa chama. Kama wanaweza kufuatilia gunia kutoka Muleba hadi Hamburg, hawashindwi kufuatilia hela kutoka Hamburg hadi Muleba.

Karibuni.

#2 Mzee wa Kyerwa

Mwanangu, umesema vizuri, lakini mimi nina umri wa kuyakumbuka yaliyokuwapo. Enzi za mizani ya kutundika, karani anasoma yeye, anaandika yeye, mkulima yuko nyuma ya mstari anaambiwa "kilo arobaini na tano" na hana pa kubishia. Mkono wa karani ulikuwa unagusa gunia, tunaona, tunanyamaza kwa sababu kesho utamrudia huyo huyo. Leo mizani ya kidijitali inaonyesha namba pande mbili na stakabadhi inatoka. Minada inafanyika mtandaoni kupitia TMX, soko la bidhaa la Tanzania, na bei ya siku ile ninaisikia kabla jua halijazama. Zamani tulikuwa tunasubiri malipo ya pili hadi tunasahau.

Kwa hiyo usiwatie vijana hofu na vifaa. Vifaa vimetutoa mbali. Dai nakala, nakuunga mkono, lakini usajili uendelee. Palikuwa na wakulima hewa humu vyamani, majina yasiyo na mbuni hata mmoja, na pembejeo za ruzuku zinachukuliwa kwa majina hayo. Mtu asiye na nukta ardhini sasa anaonekana.

#3 Mwanakibanja

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe kwa wakulima hewa, na mizani ni mfano unaonisaidia mimi. Mizani ile inaonyesha pande mbili: karani anaona, na mkulima anaona, papo hapo, namba ile ile. Ndicho ninachokitaka kwenye ramani na kwenye bei. Mnada wa mtandaoni umetupa bei ya hapa nyumbani, na ni hatua kubwa. Kipande kinachobaki gizani ni kutoka mnadani hadi melini, na huko ndiko yaliko makato ya kukoboa, kuchambua, ghala, usafiri na faida ya msafirishaji.

#4 Mnunuzi Mdogo

Wakuu, mimi ni wa upande mnaoutukana. Nanunua butura. Kwa wasiojua, butura ni kununua kahawa ikiwa bado maua au mbichi mtini, kwa bei ya kukubaliana, kabla ya msimu. Serikali imepiga marufuku, na naelewa kwa nini.

Lakini niambieni, Januari mtoto anatakiwa shule, sare, daftari, michango. Kahawa inaanza kuchumwa Mei. Mkulima anakuja kwangu usiku, hakwenda kwanza kwenye chama kwa sababu chama hakina cha kumpa Januari. Sasa mmekuja na ramani yenye desimali sita. Ramani inalipa ada? Benki inaikubali? Mkimpimia mtu shamba, mkajua ana mibuni mingapi na anapeleka kilo ngapi kila msimu, mna kila kitu anachohitaji mkopeshaji. Kwa nini taarifa hizo zimkingie Mzungu tu na zisimfungulie mkulima mkopo wa Januari? Siku chama kikitoa mkopo huo kwa riba ya kibinadamu, mimi na wenzangu tutafunga biashara, na sitalalamika.

#5 Mwanakibanja

Mkuu, huu ndio mchango mzito kuliko wangu. Nakupinga kwenye butura yenyewe, kwa sababu bei yake inamla mkulima akiwa na shida, lakini hoja yako ya mkopo haina jibu jepesi. Taarifa tunazokusanya ni jina, namba ya simu, ukubwa wa shamba, idadi ya mibuni, na kilo alizopeleka miaka iliyopita. Hiyo ni historia ya mkopo iliyokamilika. Ipo kwenye kompyuta ya mtu mwingine, inatumika kumthibitishia mnunuzi kwamba mkulima hakukata msitu. Ikitumika pia kumpa mkulima sehemu ya malipo yake mapema, kisha ikakatwa mnadani, butura inakosa wateja. Mfumo wa makato tayari upo, tunakatwa kila kitu, kwa hiyo hakuna teknolojia mpya inayohitajika. Kinachohitajika ni uamuzi wa vyama na benki.

Na lile la magendo kuvuka Mutukula kwenda Uganda lina mzizi huo huo. Mtu anavuka na gunia kwa sababu kule analipwa fedha mkononi siku hiyo.

#6 Wa Kirinyaga

Hamjambo majirani. Nasoma nikiona kwetu. Huku Kenya tunachuma cheri, yaani tunda bivu la kahawa, tunapeleka kiwanda cha chama, inamenywa, inaoshwa, inakaushwa kwenye meza, kisha inaenda kukobolewa na kuuzwa mnada wa Nairobi, siku ya Jumanne. Miaka mingi pesa ilipita mikono mingi kabla ya kufika kwetu. Tangu 2023 kuna mfumo wa malipo ya moja kwa moja: pesa ya mnada inaingia kwenye benki, kila mtoa huduma anakatiwa chake, na kinachobaki kinaenda kwa mkulima. Imesaidia, sitasema uongo. Sasa ninaona makato kwa majina. Nikiyaona najua nani wa kuuliza.

Lakini kwenye mambo ya teknolojia msimwache mfanyakazi nyuma. Mnaongea mkulima, mkulima. Kericho mwaka 2023 watu walichoma mashine za kuchuma chai, kwa sababu mashine moja inafanya kazi ya wachumaji wengi na hakuna aliyewaambia wataenda wapi. Mimi sitetei kuchoma mali. Ninasema chai ile ilikuwa inauzwa kama chai safi isiyo na dhuluma huku waliokuwa wanaichuma wakifungasha virago. Haki hii mnayoiongelea iulizwe pia kwa aliyekuwa na kikapu mgongoni.

#7 Mama Watatu

Mimi niulize kitu ambacho hamjakigusa. Shamba limesajiliwa kwa jina la nani?

Palizi nafanya mimi, kuchuma nafanya mimi na watoto, kuanika na kugeuza kwenye turubai ni mimi, mvua ikinyesha nani anakimbia kufunika? Walipokuja vijana na simu zao, waliandika jina la mume wangu na namba yake. Malipo ya chama sasa yanaingia kwenye simu yake. Zamani zikiwa taslimu, tulikuwa tunaenda wote ofisini, ninaziona zikihesabiwa. Sasa ninasikia mlio tu. Simsemi vibaya, ni mtu mwema, ila jirani yangu ana mume wa aina nyingine na msimu uliopita hakuona hata kanga.

Kwa hiyo hiyo teknolojia ya haki imenisogeza mbali na hela ya kazi yangu mwenyewe.

#8 Mwanakibanja

Dada, ahsante sana. Hili nimeliona kila kijiji nilichopita na linaniumiza. Fomu nyingi zina nafasi ya jina moja na namba moja. Hakuna sheria ya Ulaya wala ya kwetu inayolazimisha iwe hivyo. Wanaotaka nukta ya shamba wanataka nukta, hawajali namba ya M-Pesa ni ya nani. Ni fomu iliyotengenezwa na mtu ambaye hakuuliza nani anageuza kahawa turubaini. Chama kinaweza kuongeza jina la pili na kugawa malipo namba mbili. Lipelekeni kwenye mkutano mkuu kama ajenda yenye maandishi, na wanawake mkaingie wengi siku hiyo, maana uanachama wenyewe mara nyingi uko kwa jina la mume na ndipo mnapozuiwa kupiga kura. Mwanamke anaweza kujiunga na AMCOS kwa jina lake akiwa na mibuni anayoihudumia. Anzieni hapo.

#9 Mkaangaji wa Bremen

Habari ndugu zangu. Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi kwenye sehemu ya kukaangia kahawa huku Ujerumani. Niwape kinachoonekana kutoka huku.

Mkataba wa kununua kahawa una bei ya bandarini imeandikwa wazi kwa maandishi. Si siri ya kitaalamu. Wapo wakaangaji wadogo wanaoichapisha bei hiyo kwenye tovuti zao au kwenye pakiti, na hawajafilisika. Kwa hiyo mleta uzi anachodai kinafanyika tayari, tatizo ni kwamba anayesomewa ni mnywaji wa huku, na mkulima wa huko hasomewi.

Halafu kuna jambo Watanzania wengi hawalijui. Ujerumani inatoza kodi maalumu ya kahawa, yuro 2.19 kwa kila kilo iliyokaangwa. Kilo moja. Linganisha na ile ziada ya haki ya senti 44 za dola kwa kilo ya kahawa safi. Hata ukirekebisha kwa uzito unaopotea kwenye moto, serikali ya huku inapata zaidi ya mara nne ya ziada ya mkulima kwenye kilo ile ile, na haijashika jembe. Sijawahi kuona nembo yoyote ikiliandika hilo kwenye pakiti.

#10 Mwanakibanja

Mkuu wa Bremen, namba hiyo ya kodi naomba kila mmoja hapa aibebe aende nayo kwenye mkutano wa chama. Tumekuwa tunaambiwa senti 20 ni ukarimu.

Na soko likipanda, ile bei ya chini haina kazi kabisa. Februari 2025 arabika ilipita dola 4 kwa ratili kwenye soko la New York, zaidi ya mara mbili ya bei ya haki. Bei ya chini ni kinga ya siku mbaya, na siku mbaya zipo. Mwaka 2001 arabika ilishuka chini ya senti 50 na watu Kilimanjaro waling'oa mibuni wakapanda nyanya na mahindi. Kwa hiyo siitupi. Lakini haki isiwe kinga tu. Iwe na kujua.

#11 Kijana wa Rombo

Mleta mada, swali. Kwetu kihamba (ndicho kibanja chenu) kina miti mikubwa juu, migrivea, miparachichi, na mingine aliyoiacha babu. Nimesikia satelaiti inaweza kuona ule mwavuli wa miti ikasema ni msitu, na kahawa yangu ikakataliwa. Ni kweli? Na kama nimeshapimwa, nifanye nini sasa hivi, siyo mwakani?

#12 Mwanakibanja

Ni hofu ya kweli. Satelaiti inaona majani ya juu, na kahawa ya kivulini inafanana na msitu kwenye ramani nyingi. Umoja wa Ulaya una ramani yake ya misitu ya mwaka 2020, lakini ramani hiyo ni ya kusaidia kukagua, haina nguvu ya sheria peke yake. Shamba la kilimo lenye miti juu ya mazao halihesabiwi msitu kwa tafsiri ya sheria ile. Mwenye ushahidi kwamba pale palikuwa kihamba kabla ya mwisho wa 2020 anaweza kuutoa, na ushahidi huo wewe ndiye unao, hawana wao.

Fanya hivi. Nenda ofisi ya chama uombe nakala iliyochapishwa ya usajili wako: jina, nukta, ukubwa, idadi ya mibuni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinazoshikiliwa na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Ukipewa, simama shambani na simu yako, ingiza zile namba kwenye ramani uone zinaangukia wapi. Zikiangukia kwa jirani au kwenye hifadhi, andika barua ya kurekebisha, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Uliza pia kwa maandishi taarifa zako zimepewa nani.

Kisha kusanya ushahidi wa umri wa shamba: stakabadhi za zamani za kuuza kahawa kabla ya 2020, kitabu cha chama cha baba au babu, picha za mashina makubwa ya mibuni iliyokatwa ikachipua. Peleka nakala kwa karani ziambatishwe kwenye jina lako. Stakabadhi ya miaka ya nyuma yenye namba ya mwanachama ina nguvu kuliko maneno ya mashahidi kumi.

#13 Kijana wa Rombo

Nimeelewa mkuu. Kitabu cha babu kipo, kina mihuri ya chama tangu enzi hizo. Jumatatu naenda ofisini kuomba nakala, majibu nitayaleta humu humu.

#14 Mama Watatu

Na mimi naenda na jirani yangu kuomba fomu za uanachama. Tutaleta majibu.